Amin alitoka 1979, Uganda ikapata amani lini?

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako nijibu haya maneno ninayosikia kila mahali siku hizi, kwa matatu, kwa kibanda cha chai, hata nje ya kanisa baada ya ibada, ati serikali ikiwa katili na ni hatari kwa majirani dawa yake ni moja tu, ipigwe vita iangushwe watu wapumzike. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wameona kwa simu picha za watoto waliouawa na roho zimewachoka, hata mimi zimenichoka. Lakini sisi wa Nairobi hatufai kuongea juu ya jambo hili kama watu wa mbali, juu tumeishi mlango kwa mlango na dikteta hatari kabisa, tukamwona akitolewa kwa vita, na tukaona pia yaliyofuata. Wale hawakuwa wamezaliwa wacha niwaeleze.

Februari 1976 Idi Amin alisema sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, mpaka kilomita kama 30 hivi kufika Nairobi. Ukipima hiyo kwa ramani Kisumu imeenda, Nakuru imeenda, Naivasha imeenda. Mzee Kenyatta akajibu kwamba hata inchi moja haitatoka. Halafu Julai mwaka huo huo Waisraeli wakaenda uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, usiku kuokoa mateka wao, wakati wa kurudi ndege zikatua hapa Embakasi kutia mafuta, na Amin alipojua hasira yote akaimwagia Wakenya waliokuwa Uganda. Wengi waliuawa. Wengine walivuka Busia na Malaba bila hata sufuria. Sasa niambie, kama kuna siku Kenya ilikuwa na sababu ya kupigana na mtu si ilikuwa hiyo? Na bado Kenyatta hakwenda vitani. Alibana mafuta na mizigo, maana vitu vya Uganda vilipitia Mombasa, na yule mtu wa kelele nyingi akakubali kuketi chini, Agosti wakaelewana hapa Nairobi. Waliouawa hawakurudi na hakuna aliyewajibika, hilo linaniuma mpaka leo. Lakini hakuna kijana wa jeshi la Kenya aliyezikwa Jinja, na Kisumu ni yetu.

Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba na serikali hatari hakuna njia nyingine ila vita, mimi namuuliza kwanza umebana mafuta? Umefunga benki? Umewanyima silaha ama bado mnawauzia? Mara nyingi utapata hao hao wanaolilia vita ndio walikuwa wanafanya biashara na dikteta juzi tu.

Tanzania ilikuwa tofauti. Oktoba 1978 jeshi la Amin lilivuka mpaka likachukua eneo la Kagera, likaua raia, likaiba ng'ombe na mabati ya watu, likalipua daraja la mto, Amin akatangaza hiyo sasa ni ardhi yake. Hapo hakuna kubana mafuta tena, mtu yuko ndani ya nyumba yako. Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo, na nia ipo. Mimi naamini alikuwa na haki, na hata kuendelea mpaka Kampala alikuwa na haki, maana kumrudisha Amin nyuma ya mto na kumwacha hapo ni kumngojea arudi mwaka ujao. Wakuu wa Afrika hawakupenda. Kwa mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, kule Monrovia Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu Nyerere kwa kuingilia nchi ya mwenyewe. Hiyo OAU ndiyo ilikuwa imempa Amin uenyekiti mwaka wa 1975, ikafanya mkutano wake Kampala, watu wakala na kunywa na Waganda wakipotea usiku. Kukaa kimya kama kule pia ni dhambi na sitaki msomaji adhani naitetea.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na Waganda wakacheza barabarani. Na kwa midomo ya watu wengi hadithi inaishia hapo, unaona, dikteta alipigwa akakimbia, si hata yule wa leo apigwe.

Haikuishia hapo. Nyerere hakwenda bila mpango, Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi wakaunda serikali ya pamoja, wakamchagua Yusuf Lule, mtu msomi na mpole. Akakaa siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, naye Mei 1980 akaondolewa na tume ya kijeshi ya Paulo Muwanga. Desemba 1980 wakapiga kura, Obote, aliyekuwa rais kabla ya Amin, akarudi, wengine wakasema kura zimeibwa, Museveni akaingia msituni mapema 1981, na kutoka hapo ni mauaji ya raia kule Luwero, kaskazini mwa Kampala. Wenye umri wangu mnakumbuka picha za mafuvu yamepangwa kando ya barabara kama viazi vya kuuzwa. Hao hawakuuawa na Amin, Amin alikuwa Saudi Arabia wakati huo, analala vizuri. Julai 1985 Obote akapinduliwa na majenerali wake, Rais Moi akawaketisha majenerali hao na Museveni hapa Nairobi miezi kadhaa, Desemba wakatia sahihi mkataba wa amani, na wiki chache baadaye tarehe 26 Januari 1986 Museveni akachukua Kampala kwa bunduki. Kaskazini vita vikaendelea na Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, miaka na miaka. Na aliyeingia Kampala 1986 ndiye yuko Ikulu mpaka leo.

Na nani alilipa? Watanzania walilipa. Inakadiriwa vita vile viliwagharimu karibu dola milioni 500, nchi maskini ambayo ilisaidiwa kidogo sana. Waliambiwa wafunge mkanda miezi 18, mkanda ukakaa miaka, sabuni ikakosekana, sukari ikakosekana, mpaka wengine wakawa wanavuka Namanga na Taveta kutafuta vitu madukani kwetu. Hiyo ndiyo vita yenye sababu safi kuliko zote ninazojua Afrika. Adui alikuwa amevamia kweli, wenye nchi wenyewe walikuwa ndani ya vita na walikuwa na serikali tayari, aliyepiga hakutaka mafuta wala dhahabu ya mtu. Na bado baada ya dikteta kukimbia ilichukua karibu miaka saba ya damu kabla ya Kampala kutulia. Sasa kama ile safi ilikuwa hivyo, hizi zingine zenye sababu za kubahatisha zitakuwaje?

Iraki ilituonyesha. Saddam alikuwa muuaji, hakuna ubishi, Machi 1988 pale Halabja aliwamwagia Wakurdi gesi ya sumu wakafa kama elfu 5 siku moja, na wakati huo wakubwa wa dunia hawakumpiga, walikuwa wanamtumia dhidi ya Iran. Miaka 15 baadaye ndio ikawa ni lazima apigwe, na sababu ikawa ati ana silaha za maangamizi. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akakaa mbele ya Baraza la Usalama Februari 2003 na picha zake, wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix wakisema wapewe muda zaidi, hawakupewa, Marekani ikavamia. Silaha hazikupatikana. Mei mwaka huo Paul Bremer, Mmarekani aliyewekwa kuitawala nchi hiyo, akavunja jeshi lote la Iraki kwa amri moja, maelfu ya wanaume wenye bunduki wakarudi nyumbani bila mshahara, na Juni 2014 wale wapiganaji wa ISIS wakachukua mji wa Mosul, na baadhi ya makamanda wao walikuwa maofisa wa jeshi hilo lililovunjwa. Libya 2011 sitaki hata kurefusha, Gaddafi aliuawa Oktoba, nchi ikapasuka, silaha zake zikashuka mpaka Mali.

Najua kuna msomaji ameshika kalamu kunijibu na Rwanda. Ana haki. 1994 watu kama laki 8 waliuawa kwa siku 100, na Aprili hiyo hiyo mauaji yakiendelea Umoja wa Mataifa ulipunguza askari wake Kigali mpaka wakabaki 270 kwa karatasi, jenerali Dallaire, kamanda wao, akiomba aongezewe. Kama nchi yoyote ingetuma jeshi wiki ya kwanza ningesimama barabarani kuipigia makofi, na singeuliza mengi. Ndiyo maana sisemi vita hazifai kamwe. Watu wakiwa wanachinjwa leo, ama adui akiwa amevuka mpaka, pigana. Hata Muungano wa Afrika tangu 2000 uliandika kwa sheria yake, kifungu cha 4(h), kwamba unaweza kuingia nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya kimbari, tofauti na ile OAU ya kimya. Ninachokataa ni hii ya kusema serikali fulani ni mbaya, inaweza kuwa hatari kesho, tuipige leo, na kesho kutwa tutaona. Kesho kutwa ndio watu wengi hufa.

Na sisi Kenya hatuna haja ya kusoma hii kwa vitabu. Oktoba 2011 watalii walikuwa wametekwa Lamu, wafanyakazi wa msaada wametekwa Dadaab, al-Shabaab walikuwa wanatawala karibu kusini yote ya Somalia, na mawaziri wawili, marehemu Saitoti na marehemu Haji, wakatuambia jeshi linavuka. Sababu ilikuwepo, sikatai. Lakini ni nani alituambia tunaenda kukaa muda gani? Ni nani alisema Kismayu, mji wa bandari wa Somalia, ikishikwa itatawaliwa na nani? Katiba ya 2010 inasema Rais anatangaza vita kwa idhini ya Bunge, wakaiita operesheni, jeshi likavuka kwanza, maswali yakafuata nyuma. Halafu likaja shambulio la duka kubwa la Westgate hapa Nairobi 2013, watu 67 wakauawa. Aprili 2014 maelfu ya watu wa Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, wakashikwa na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani, wakiwemo Wakenya kama mimi, kosa lao ni sura na jina. Chuo kikuu cha Garissa 2015, watu 148 wakauawa, karibu wote wanafunzi. Januari 2016 El Adde, Somalia, kambi ya jeshi letu ikavamiwa alfajiri, na mpaka leo serikali haijaweka hadharani idadi kamili ya vijana waliokufa pale. Rais wa Somalia wakati huo alisema ni kati ya 180 na 200. Rais wa nchi nyingine ndiye anatuambia wafu wetu ni wangapi!

Kwa hivyo Mhariri, kabla mtu yeyote hajasimama tena kutuambia Kenya iunge mkono vita ya huyu ama yule, ama ipeleke askari, mimi nataka mbunge wangu asimame Bungeni, mjadala uonyeshwe kwa tivii, aseme ni nani ameshambuliwa, ni njia gani zingine zimejaribiwa na zikashindwa, wenye nchi wako wapi na wanataka nini, atakayetawala baada ya hapo ni nani na pesa zinatoka wapi, na tarehe ya vijana kurudi nyumbani. Na siku hiyo hiyo waziri wa ulinzi aje na orodha ya El Adde, majina yote, isomwe ndani ya Bunge familia zikiwa pale juu zimeketi zinasikia.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi