Hesabuni saa za foleni, siyo kilomita

Mhariri,

Juma lililopita msomaji mwenzetu wa Mbezi Beach aliandika katika ukurasa huu kwamba injini za dizeli za silinda sita, zile za magari ya Ulaya yanayoletwa kutoka Uingereza, ni injini za kuvutwa na breakdown, na kwamba mwenye akili anunue petroli ya silinda nne alale usingizi. Naomba nafasi nimjibu. Ninayo moja, mwaka wa sita sasa, na kabla ya hapo nilikaa miaka 26 na jenereta za kiwanda kimoja kule Barabara ya Nyerere, kwa hiyo moshi wa dizeli naujua kwa pua.

Gari langu ni BMW X5 ya 2011. Injini yake inaitwa N57. Familia hiyo ilianza kuuzwa 2008, na iliundwa Steyr, mji wa Austria, si Ujerumani kama wengi wanavyodhani. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja, kila moja ina kipenyo cha milimita 84, na pistoni inasafiri milimita 90. Chukua kalamu upige hesabu, utapata sentimita za ujazo 2,993. Kwangu mimi inatoa nguvu farasi 245, na mkokoto wa newton-mita 540 kabla mizunguko haijafika 2,000 kwa dakika.

Mwandishi wa barua ile aliisifu Mkonga, na mimi naiheshimu. Land Cruiser ile ina injini ya 1HZ, nayo ni dizeli ya silinda sita za mstari mmoja. Ujazo wake ni 4,164, haina turbo, yaani feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, na inatoa kama nguvu farasi 130 na newton-mita 285. Maana yake hii yangu ni ndogo kwa zaidi ya lita moja, lakini inavuta karibu mara mbili. Vitu hivyo havipatikani bure. Vinalipiwa kwa turbo ambayo ukikanyaga inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa nozeli zinazopokea dizeli kwa mgandamizo wa karibu bar 1,800. Tairi la gari hilo hilo lina bar mbili na ushee. Mashine ya namna hiyo haivumilii oili iliyochoka. Mkonga unavumilia, ingawa nao nimewahi kuuona umelala juu ya mawe kwa sababu mwenyewe hakujua kwamba 1HZ inatumia mkanda wa taimingi, ule unaopanga valvu ziende sawa na pistoni, na mkanda una siku zake.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Magari haya yakiwa kwao, kompyuta inamwambia dereva abadilishe oili baada ya kilomita 25,000 hivi, wakati mwingine zaidi. Gari linafika Dar na skrini yake ile ile, na ujumbe ule ule. Mwenye gari anaona zimebaki kilomita 11,000 mpaka sevisi, anashukuru Mungu, anawasha kiyoyozi, anaingia foleni ya Buguruni.

Kwenye jenereta hatujui kilomita. Jenereta haiendi popote. Ina saa ndogo kwenye paneli inayohesabu muda iliokuwa ikiunguruma, na saa 250 zikifika unamwaga oili, umeme uwepo usiwepo, bosi acheke asicheke. Nilipolipata gari hili nililitunza kama wenye magari wote, kwa kilomita. Siku moja nimesimama Tabata Relini, nabonyeza bonyeza vitufe kwa kukosa la kufanya, skrini ikanionyesha mwendo wangu wa wastani tangu nilipoifuta mara ya mwisho: kilomita 18 kwa saa. Hapo Jumapili na safari za usiku zimo. Nikagawanya palepale kwenye simu. Kilomita 25,000 kwa mwendo wa 18 ni saa 1,389. Mwenzangu wa Uingereza anayekwenda wastani wa 60 kwenye barabara zao kuu, kilomita zile zile anazimaliza kwa saa 417. Injini moja, kitabu kimoja, lakini yangu ingefanya kazi zaidi ya mara tatu kabla ya kubadilishiwa oili. Kama ni jenereta, ningekuwa nimeruka sevisi tano nikasubiri barua ya kufukuzwa.

Najua mtu atasema kwenye foleni injini ipo sailensa tu, inaunguruma gari limesimama, inapumzika. Kwa dizeli ya kisasa ni kinyume chake. Ikiwa sailensa moshi wake unakuwa wa baridi. Kwenye bomba la moshi kuna DPF, chujio linalonasa masizi, na chujio hilo linajisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la karibu nyuzi 600. Ili lifike huko, kompyuta inaagiza nozeli ziongeze dizeli kidogo kwa kuchelewa, wakati pistoni imeshaanza kushuka, ili moto uende kuwaka kwenye bomba. Kazi hiyo inataka robo saa hivi ya mwendo wa kueleweka. Mimi kutoka Segerea mpaka Kariakoo, kwenye duka la vitenge la mama watoto, ni kilomita 14 na asubuhi natumia saa nzima na dakika. Gari linaanza kuchoma, trafiki ananyoosha mkono, nakaa dakika kumi na mbili, halafu nafika na kuzima. Kesho linaanza upya. Ile dizeli ya ziada isiyowaka inateremka kwenye kuta za silinda, inapita ringi, inaingia kwenye oili.

Nilikuja kuishika kwa mkono. Nililala chini ya gari uani kwangu, nikafungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaweka beseni. Oili ya injini ikiwa ya moto inateremka kama uji mwepesi, mkanda mmoja unaong'aa. Hii ilitoka kama chai ya rangi, ikaruka mpaka nje ya beseni. Nilichovya vidole viwili nikavisugua: hakuna ule utelezi, ngozi inagusa ngozi. Nikanusa, nikajikuta nimerudi kwenye chumba cha jenereta siku ya kubadilisha filta ya mafuta. Gari hilo hapo skrini yake ilikuwa inasema bado kilomita 9,000, kila kitu shwari. Oili ile ndiyo iliyokuwa inashikilia metali za krenki, yaani beringi za shafti kuu ya injini, na shafti ya turbo. Injini ikinoki baada ya hapo utailaumu Steyr?

Naomba nikiri na langu, maana ujuzi wangu wa jenereta uliniokoa upande mmoja ukanitia hasara upande wa pili. Sevisi mbili za mwanzo niliweka oili ya 15W-40, ile ile niliyoizoea kazini, nikijiambia oili ni oili. Si kweli. Injini yenye DPF inataka oili ya majivu kidogo. Kwa hii yangu kwenye dumu panatakiwa pawe pameandikwa Longlife-04, kiwango cha BMW wenyewe. Masizi yanaungua, majivu ya oili hayaungui. Yanabaki ndani ya chujio mpaka kiama. Nilipopeleka gari kupimwa kwa kompyuta, fundi wa gereji moja, siitaji, hakuuliza ninaweka oili gani. Aliniambia DPF ni ugonjwa wa Wazungu, tuitoboe, tuifute kwenye kompyuta, gari litapumua. Akaongeza kwamba atanipunguzia bei nikimwachia vya ndani. Bila shaka angenipunguzia, maana kwenye vile vya ndani kuna platinamu. Nilikataa, nikalivua chujio likaoshwa, nikabadilisha oili, na mpaka leo ukipitisha kitambaa cheupe kwenye ekzosi yangu kinatoka na vumbi la Segerea tu.

Kuhusu mafuta ya kwetu kuwa machafu, ambayo ndiyo hoja kubwa ya barua ile, nadhani msomaji anaishi miaka ya uchakachuaji. Ulaya salfa kwenye dizeli hairuhusiwi kuzidi sehemu 10 kwa milioni tangu 2009, na kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa mpaka 50 mwaka 2015. Tofauti ipo, ila si hiyo iliyojaza dizeli kwenye sampu yangu. Mimi najaza kituo chenye magari mengi, sijazi wakati lori linashusha, na filta ya dizeli naibadilisha mapema. Basi.

Pale ambapo nampa haki yake ni kwenye mnyororo wa taimingi. Walioisanifu N57 waliuweka nyuma, upande wa gia boksi. Ukianza kulia, kuufikia ni kushusha gia boksi au kutoa injini nzima. Na iliyoirithi, B57 iliyotoka 2015, nayo imeuacha kule kule. Sijui fundi aliwakosea nini. Lakini mnyororo na vikaza mnyororo vyake vinaishi kwa oili hiyo hiyo, kwa hiyo hata hapo tunarudi kwenye beseni langu.

Jambo jingine alilolichanganya ni kuziweka silinda sita zote kapu moja. Zikiwa za mstari mmoja, pistoni zinakwenda mbili mbili, mshindo unakuja kila nyuzi 120 za krenki, na mitikisiko inafutana yenyewe. Zikiwa V6, yaani tatu upande huu na tatu upande ule, mara nyingi huongezwa shafti ya kusawazisha. Mercedes waliiacha dizeli ya mstari mmoja wakaja na V6 yao, OM642, mwaka 2005, halafu 2017 wakarudi kwenye mstari na OM656. Watu hawarudi walikotoka bila sababu. Weka glasi ya maji juu ya injini yangu ikiwa sailensa, utaona maji yanavyotulia. Fanya hivyo kwenye dizeli ya silinda nne, uje na kitambaa.

Siku hizi nina daftari la shule kwenye droo ya gari. Kila nikimwaga oili nafuta wastani kwenye skrini naanza upya; mwisho wa wiki nagawanya kilomita kwa wastani napata saa. Saa 250 hazivuki. Na kila Jumapili ya pili natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, naelekea Kibaha, napita Mlandizi taratibu kwa sababu ya tochi, halafu naiachia mpaka Chalinze. Nakunywa supu, narudi. Mama watoto anasema nimepata mke mdogo Chalinze. Gari lilikuja na kilomita 131,000, sasa lina 214,000, turbo ni ile ile, nozeli ni zile zile sita.

Mwandishi wa Mbezi Beach kama bado analo lile gari lake aliloliandikia kwa uchungu, abonyeze kitufe aone wastani wake ni ngapi kabla hajaliuza kwa bei ya chuma chakavu. Mimi leo asubuhi nimefika Kariakoo daftari likisoma kilomita 4,158, wastani 18, saa 231. Jumamosi namwaga.

Fundi jenereta mstaafu,
Segerea, Dar es Salaam