Kabla Picha ya Akili Mnemba Haijawa Bango

Karibu kila wiki mteja huingia ofisini kwetu pa usanifu na uchapaji, hapa Ngamiani, Tanga, akasalimia, akatoa simu na kutuonyesha picha aliyoitengeneza usiku uliopita kwa programu ya akili mnemba. Mara nyingi picha yenyewe inapendeza: rangi zimekolea, mwanga umeanguka vizuri, na mwenye nayo ameshaiona moyoni ikiwa imetundikwa mbele ya duka lake. Ombi huwa lile lile: "Mniprintie hii hii, msibadilishe kitu." Tumeandika makala haya kwa sababu jibu letu ni refu, na mteja aliyesimama kaunta huku bodaboda ikimsubiri nje hapati nafasi ya kulisikia lote.

Tuseme kwanza kwamba sisi wenyewe tunazitumia programu hizi. Midjourney na Stable Diffusion zilipofunguliwa kwa umma katikati ya mwaka 2022 tulizitazama kwa mbali, kisha tukazijaribu, na leo kazi nyingi zinazopita mezani kwetu zimeguswa nazo mahali fulani. Mahali penyewe ndipo tunapotaka mteja apajue. Tunazitumia mwanzoni, wakati wa kuelewana, na mara chache mwishoni, kusafisha picha iliyopigwa kwa kamera. Kazi yenyewe inayokwenda kwenye mashine ya uchapaji huchorwa, hupangwa na hukaguliwa na mtu.

Sababu ya kwanza tuliifundishwa na mzee mmoja mvuvi. Binti yake, mama anayeuza samaki, alituagiza bango lenye ngalawa. Tuliiandikia mashine maelekezo kwa uangalifu: ngalawa ya pwani ya Tanzania, tanga jeupe, bahari ya asubuhi, wavuvi wawili. Ikatupa picha nne, tukachagua moja, tukaitoa kwenye karatasi ya A4 ili mteja aidhinishe. Siku ya kuidhinisha alikuja na baba yake. Mzee alivaa miwani, akaisogeza karatasi dirishani, akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

"Mwanangu," akamwambia kijana wetu, "foromali iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Foromali?"

"Marahaba. Tanga hili umelishonea kwenye mlingoti, na chini yake umeliwekea mti mwingine. Hiki ni chombo cha Wazungu wa matembezi. Na tengo ni moja tu. La upande wa pili nani amelichukua?"

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Ngalawa yetu ni mtumbwi wenye matengo mawili, moja kila upande, yanayouzuia usipinduke, na tanga lake la pembe tatu huning'inia kwenye foromali, yaani mti wa kushikia tanga, ambao ndio hupandishwa mlingotini kwa kamba iitwayo henza. Mashine ilikuwa imechukua mwili wa ngalawa ikaupachika tanga la boti ya starehe na tengo moja, mfano wa vyombo vya visiwa vya Pasifiki. Kosa la kuipitisha lilikuwa letu, kwa sababu tulitazama uzuri wa picha kabla ya kutazama ukweli wake. Bango lile lingekaa mbele ya watu wanaoshuka kutoka baharini kila alfajiri, nao wangejua papo hapo kwamba hakuna aliyelikagua. Kesho yake maji yalipokupwa tulikwenda ufukweni na kamera, mwenye ngalawa akatupa ruhusa, tukapiga chombo chenyewe kikiwa kimeegemea mchangani, kisha msanifu wetu akakichora upya kwa mkono juu ya picha hiyo.

Ni vema kueleza kwa nini mashine hukosea namna ile, maana wengi hudhani inatafuta picha mahali ilipohifadhiwa na kumletea mtu. Haifanyi hivyo. Hufunzwa kwa kuonyeshwa picha nyingi mno pamoja na maneno yanayozieleza. Mkusanyiko wa LAION-5B wa mwaka 2022, ambao sehemu zake zilitumika kuifunza Stable Diffusion, una zaidi ya jozi bilioni 5 za picha na maneno zilizokusanywa kutoka intaneti, na zaidi ya bilioni 2 kati ya hizo maelezo yake ni ya Kiingereza. Boti za starehe humo ni nyingi, ngalawa ni chache. Ikishapewa maelekezo, mashine huanza na chengachenga zisizo na sura, mfano wa televisheni isiyoshika stesheni, ikaziondoa hatua kwa hatua mpaka ibaki picha inayokaribiana na maneno yale. Kwa njia hiyo hujifunza kitu kinafananaje, bila kujifunza kinafanyaje kazi, na ndiyo maana haiwezi kushtuka kwamba pasipo foromali tanga la ngalawa halina pa kushikia.

Udhaifu huo huonekana pia kwenye maandishi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Mashine hupatia pindo, hupatia mji, lakini ikifika kwenye jina huandika herufi ambazo si za lugha yoyote. Programu za sasa zimeboreka sana kuliko zile za 2022, hasa kwa maneno machache ya Kiingereza, ila sentensi nzima ya Kiswahili bado tunaiona ikirudiwa herufi au kumezwa silabi. Mwanamke wa Tanga akiona kanga husoma jina kwanza, kwa hiyo picha yenye kanga ya namna hiyo haiwezi kumuuzia kitu. Kwetu, kila neno linalochapwa, kuanzia jina la duka hadi namba ya simu, tunaliandika sisi kwa fonti halisi, na mteja hulisoma kwa sauti kabla ya kuweka sahihi.

Liko pia suala la kipimo, ambalo halina ubishi kwa sababu ni hesabu. Picha nyingi zinazotoka kwenye programu hizi zina upana wa pikseli 1024, yaani vidoti vinavyoiunda picha, au zaidi kidogo. Kitu kinachoshikwa mkononi huchapwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha hiyo inatosha upana usiofika sentimita 9, yaani kibandiko cha chupa. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Bango la upana wa mita 3 linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara halihitaji wingi wa pikseli wa namna hiyo, lakini pikseli 1024 zikitandazwa kwenye mita 3 kila moja inakuwa kijimraba cha karibu milimita 3, na mtu aliyesimama mlangoni anaviona vyote. Programu za kukuza picha zipo, nasi tunazo, ila hukisia kile kilichokosekana, na makisio hayo hujitokeza zaidi kwenye vidole, nyuso na magamba ya samaki.

Rangi nazo zimetuletea manung'uniko ambayo tungependa yaishe. Simu huonyesha rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Zipo rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi. Buluu inayowaka na kijani cha majani mabichi ndizo hupoa zaidi zikishukia kwenye karatasi, na picha za akili mnemba huzipenda mno. Mteja akiweka simu kando ya karatasi hudhani tumebania wino. Hatukubania. Ndiyo sababu siku hizi tunamtolea kipande cha majaribio kwenye karatasi au turubai lile lile litakalotumika, akakitazame nje juani, kisha ndipo tuendelee.

Baada ya kusema hayo yote, ni haki kueleza pale mashine inapotufaa kweli, kwa maana inatufaa sana. Kijana mmoja anayesindika juisi ya machungwa ya Muheza alitujia akitaka lebo "ya kisasa lakini ya nyumbani". Zamani maneno kama hayo yangetugharimu wiki nzima: msanifu achore, mteja akatae, msanifu arudi mezani. Safari hii tulikaa naye kwa muda wa saa moja mbele ya kompyuta, tukatengeneza rasimu kumi hivi, naye akawa anakataa na kueleza kwa nini anakataa. Katika kukataa huko tukagundua kwamba "kisasa" kwake ni nafasi nyeupe ya kutosha na herufi nyembamba, na "nyumbani" ni mkeka wa ukindu chini ya chupa. Hakuna aliyekuwa amelitaja neno ukindu mpaka rasimu ya sita ilipoleta meza ya mbao na yeye akasema hapana, kwao juisi hunywewa mkekani. Kuelewana kwa namna hiyo ndiyo faida kubwa tuliyoipata tangu programu hizi zije, na hatuna sababu ya kuificha.

Hata hivyo machungwa ya kwenye rasimu zote yalikuwa ya rangi ya chungwa iliyoiva, yanang'aa kama taa. Machungwa ya Muheza huiva yakiwa na ganda la kijani, kwa sababu ganda hupoteza ukijani wake pale usiku unapokuwa wa baridi, na usiku wa kwetu hauna baridi hiyo. "Mteja wangu wa Mgandini akiona hili," kijana alisema, "atajua si langu." Tulinunua machungwa halisi, tukayakata, tukayapiga picha karibu na dirisha, maganda ya kijani na nyama ya manjano ndani. Mashine ilitumika mara moja tu baada ya hapo, kufuta doa lililokuwa kwenye mkeka na kurefusha ukuta wa nyuma ili jina lipate nafasi.

Nembo hatuitengenezi kwa akili mnemba, na katika hili tumeweka msimamo. Nembo sharti ichorwe kwa mistari ya vekta ili iweze kukaa kwenye muhuri, kudariziwa kwenye fulana, kubandikwa nyuma ya bajaji na kupakwa ukutani bila kupoteza umbo, tena isomeke hata kwa rangi moja. Picha ya pikseli haiwezi yote hayo. Jambo zito zaidi ni umiliki. Huko Marekani, Februari 2023, Ofisi ya Hakimiliki iliamua kwamba picha zilizotengenezwa na Midjourney ndani ya kitabu kimoja cha katuni hazilindwi, ingawa maneno na mpangilio wa mwandishi vililindwa. Na Machi 2025 mahakama ya rufani ya Washington ikashikilia kwamba mtunzi wa kazi inayolindwa lazima awe binadamu. Hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na alama za biashara za Tanzania Bara husajiliwa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Alama hufaa kusajiliwa pale inapoitofautisha bidhaa yako na za wengine, na mashine ikiombwa nembo ya mgahawa wa kahawa na watu wawili wasiojuana huwapa vikombe vinavyofanana kama mapacha. Kwa hiyo nembo tunaanza kwa penseli, na michoro ya awali tunamkabidhi mteja pamoja na kazi iliyokamilika, ili akiulizwa siku moja ilitoka wapi awe na cha kuonyesha.

Kuna maombi mawili ambayo tunayakataa, na tunaomba tusieleweke vibaya. La kwanza ni kuingiza kwenye programu hizi sura ya mtu ambaye hakuridhia, hasa mtoto, hata kama picha ni ya harusi au mahafali na nia ni njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa jambo hili, lakini tungekataa hata kama isingekuwepo. La pili ni kuonyesha kisichokuwepo. Mwenye nyumba ya wageni alitutaka tumwongezee bwawa la kuogelea kwenye picha ya ua wake. Mgeni atakayesafiri kutoka Arusha na watoto wake kwa ajili ya bwawa hilo atakuta mwembe na viti vinne. Tulimshauri tuupige picha mwembe wenyewe saa kumi na moja jioni, kivuli kikiwa kirefu, naye akakubali.

Kuhusu bei, rasimu za mashine zimetupunguzia muda wa mwanzo, na punguzo hilo tumelipitisha kwa mteja: mazungumzo ya kwanza pamoja na rasimu zake hatuyatozi tena. Tunachotoza ni uchoraji, upigaji picha, upangaji wa maneno na uchapaji.

Mteja mwenye picha yake ya akili mnemba aje nayo bila wasiwasi, kwa kuwa inatuonyesha anachokitaka kuliko maelezo marefu. Aje pia na maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi kama anavyotaka yasomeke, na bidhaa yenyewe ikibebeka. Akituma kwa WhatsApp, achague kutuma kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza pikseli njiani, na aandike chini yake upana na urefu wa mahali bango litakapokaa, aliopima kwa futi ya fundi.