Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Umoja wa Wazazi, Temeke

Ndugu wanachama,

Usafi wa shule, uji wa kambi ya kidato cha nne na rambirambi mbili vyote vilifanyika. Mnavijua, nisiwachoshe.

Niingie kwenye hili linalosemwa pembeni, kwamba mwenyekiti anafuga mateja kwa hela ya viti. Machi, vijana wetu watatu wa kidato cha pili walikutwa na kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, na kete za bangi. Wengi mlitaka waondolewe shule siku ileile. Mimi niliandika barua kuomba wabaki, na Sh 640,000 za viti vya plastiki zikaenda kwenye nauli ya kumwona mshauri nasaha na masomo ya jioni. Akidi ya kamati haikutimia, nakiri. Ila waliokosekana siku ile ndio wanaopaza sauti leo.

Daftari la hisabati la mmoja wao nililishika mwenyewe. Tarehe ya mwisho ni ya Februari. Kurasa zilizofuata zimechanwa vipande vya kusokotea. Kwenye mkebe, chini ya bikari, kipakti cha kuberi. Mama yake alijua mtoto yuko darasani. Kumbe hesabu zilimshinda tangu kidato cha kwanza, akawa anatoroka kipindi kimoja, viwili, mwisho anashinda kijiweni. Bangi aliikuta huko, nayo ikamvurugia hata kumbukumbu ndogo iliyobaki. Sasa ukimfukuza si umekipa kijiwe mtoto kutwa nzima? Nendeni asubuhi kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatoa watu kwenye heroini, pale Hospitali ya Temeke, waulizeni wale wa unga waliishia darasa la ngapi. Serikali yenyewe, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, inawarudisha waliokatiza masomo. Sisi tuwatoe?

Wawili wanahudhuria. Wa tatu kaacha, anapiga debe Mbagala. Sikufichi kitu.

Ada: wanachama 118, waliomaliza Sh 24,000 za mwaka ni 31. Tulitarajia Sh 2,832,000, tukapata 1,104,000. Semina ya dawa za kulevya walikuja watu 9, watatu wakiwa wapishi. Maandazi ya watu 60 nilinunua kwa mfuko wangu, na sijarudishiwa.

Mwakani, Inshallah, tutatafuta mshauri wa kuja shuleni mara kwa mara. Viti navyo vitapatikana. Mwenye dai la viti amwone mhazini, aje na risiti ya ada.