Selimundu haiendi kwa zamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna urithi wa ugonjwa wa damu wa selimundu, au siko seli kama wengi tulivyozoea kuiita, unavyoelezwa kwa wananchi. Mara nyingi huandikwa kwamba wazazi wawili wenye hali ya AS, yaani waliobeba kasoro ya ugonjwa huu bila wao wenyewe kuumwa, hupata mtoto mmoja mgonjwa kati ya wanne, na maelezo huishia hapo. Matokeo yake, nimewasikia wazazi ambao kifungua mimba wao ni mgonjwa wakijipa moyo kwamba watatu watakaofuata watazaliwa salama. Sivyo. Robo hiyo ni ya kila mimba, na mimba ya pili haijui yaliyotokea katika ya kwanza. Ndiyo maana wapo wazazi wa AS wenye watoto watano wazima, na wapo wengine wa hali hiyohiyo waliopata wagonjwa wawili mfululizo. Waandishi wako wakiongeza maneno mawili tu, "kila mimba", watakuwa wamewasaidia wengi.

Kinasaba kinachohusika ni kile kinachoongoza utengenezaji wa sehemu ya himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni katika damu, na kila mtu anavyo viwili, kimoja cha baba na kingine cha mama. Mwenye kasoro katika kimoja tu, yaani AS, kwa kawaida haumwi, na tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alilichapisha mwaka 1954. Hivyo hali hiyo kuenea katika maeneo yetu yenye mbu wengi si laana wala mkosi wa ukoo. Mwenye kasoro katika vyote viwili, SS, ndiye ambaye chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali ya mifupa. Kwa kuwa mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea kasoro hiyo pande zote mbili, sioni kwa nini ukweni bado analaumiwa mama peke yake.

Vijana wanaojiandaa kuoana nao wana mkanganyiko wao. Huonyeshana kadi zilizoandikwa "O+" au "B+" wakaamini wamekwisha kupima, ilhali kundi la damu halisemi lolote kuhusu selimundu: mtu wa kundi O anaweza kuwa AA, yaani asiye na kasoro hiyo kabisa, AS au SS. Wanachopaswa kuomba maabara ni kipimo cha aina ya himoglobini, nao wakitaje hivyo dirishani. Mmoja akiwa AA, hata mwenzake akiwa AS, hawatapata mtoto wa SS. Wote wakiwa AS, sidhani kama yupo mwenye haki ya kuwakataza kuoana, ila waamue wakiwa na majibu mkononi, kabla mahari haijapokelewa na kadi za mwaliko hazijasambazwa.

Mwalimu wa Biolojia,
Mwanza