Mheshimiwa, Mlango Utafunguliwa Saa Ngapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya majengo ya kale,

YAH: OMBI LA KUUFUNGULIA UMMA MAJENGO YAKE

Mheshimiwa, salaam.

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadharani. Majengo ya kale yaliyo chini ya wizara yako ni mali ya umma, lakini umma huyaona kwa nje tu. Fedha za ukarabati zikipatikana, kuta zinapakwa rangi, hotuba zinasomwa, utepe unakatwa. Wageni wakishaondoka linatundikwa kufuli, na mlinzi anakaa kivulini kuwafukuza watoto waliokaa ngazini. Baada ya miaka kadhaa jengo lilelile linarudi kwenye bajeti likiomba paa jipya.

Ombi langu ni moja. Kabla hujamwita mkandarasi, amua ni nani atakayekuwa anaingia humo Jumanne mchana, anafuata nini, na kama ataingia bila kulipa. Rangi, taa na kibao cha shaba vitafuata jibu hilo.

Wazo hili si langu, na wataalamu wako wanalijua. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ni mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, katika kifungu cha 5, unasema kulitumia jengo kwa shughuli yenye manufaa kwa jamii kunarahisisha kulihifadhi, mradi mpangilio na mapambo yake yasivurugwe. Sababu yake haihitaji shahada. Jengo lenye watu likivuja asubuhi, adhuhuri kila mtu analalamika. Lililofungwa linavuja msimu mzima kimyakimya: majani yanaziba gata, mbegu iliyodondoshwa na ndege inaota kwenye ufa, mizizi inasukuma mawe. Siku kamati inapofika na kofia zake ngumu, ule ufa wa kupitisha kisu unapitisha mkono.

Tazama walivyofanya Johannesburg, pale Constitution Hill. Kilima kile kilikuwa cha magereza. Gandhi alifungwa pale, Mandela alifungwa pale, pamoja na watu wengi mno waliokamatwa kwa kosa la kutembea bila pasi, yaani kibali ambacho sheria za ubaguzi ziliwalazimisha Waafrika kukibeba. Magereza yalifungwa mwaka 1983. Baada ya uhuru wa 1994 serikali ingeweza kuvunja kila kitu, na nani angeilaumu? Badala yake Mahakama ya Katiba ilijengwa palepale, ikafunguliwa mwaka 2004. Jengo la mahabusu lilibomolewa, lakini matofali yake yakajengewa mahakama mpya, na minara minne ya ngazi zake ikaachwa imesimama. Kesi zinasikilizwa mbele ya kuta za matofali yaleyale yaliyowafungia watu, na mwananchi yeyote anaweza kuingia akakaa akasikiliza. Usanifu wake umesifiwa sana, nami sina neno. Kinachonigusa zaidi ni kwamba watu wanafika pale kwa shughuli za leo: kuna aliyekuja kwa kesi, aliyekuja kuona kazi za sanaa, na mwanafunzi aliyekuja kuona chumba cha gereza. Historia wanaikuta njiani.

London nako, kituo cha umeme cha Bankside kiliacha kazi mwaka 1981, na mwaka 2000 kikafunguliwa kuwa jumba la sanaa la Tate Modern. Wasanifu Herzog na de Meuron waliitoa mitambo, kisha wakauacha ukumbi wake wazi, urefu wake mita 155 na kimo mita 35. (Wapo mawaziri ambao wangeukata vyumba vya ofisi asubuhi ile ile.) Kuingia ni bure. Wapo wanaokuja kuona sanaa, wapo wanaokimbia mvua tu, na wote wanahesabika kuwa wageni.

Najua pia kwamba mwekezaji yuko kwenye foleni ofisini kwako na ramani ya hoteli mkononi. Sina ugomvi naye, maana majengo haya yanakula fedha na bajeti yako tunaijua. Cape Town, ghala la nafaka la zege lilichongwa ndani ya mapipa yake 42, mwaka 2017 likawa jumba la sanaa la Zeitz MOCAA, na hoteli ikakaa juu yake. Basi mpe mwekezaji ghorofa za juu. Sakafu ya chini, ua na ngazi vibaki vyetu, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu ahadi ya mdomo huondoka na waziri aliyeitoa.

Kuna na hatari ya kufaulu kupita kiasi. Reli ya juu ya High Line, New York, iliyopitisha treni ya mwisho mwaka 1980, ilianza kufunguliwa kuwa bustani mwaka 2009. Ilipendwa mno hata pango la nyumba jirani likapaa, na wapangaji wa kipato cha chini ndio walioumia. Wanaofanya biashara kando ya jengo leo wapewe mikataba yao kabla mradi haujatangazwa. Ukishatangazwa, umechelewa.

Nikuombe sasa usogee karibu na ukuta. Majengo mengi ya zamani yalijengwa kwa mawe na chokaa. Chokaa ni laini na ina vinyweleo, hivyo unyevu ukiingia ukutani hupata njia ya kutoka. Fundi akija akapiga lipu ya saruji juu yake, siku ya uzinduzi ukuta unapendeza kweli. Lakini maji yamenaswa nyuma. Misimu michache ikipita utaona ungaunga mweupe wa chumvi, lipu imebenuka, na ukigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama debe tupu. Ukiibandua, jiwe lililokuwa nyuma yake linamomonyoka mkononi. Kwa hiyo zabuni itamke wazi kwamba ni chokaa, na mafundi wanaoijua walipwe vizuri na wapewe vijana wa kuwafundisha. Kazi hiyo ifanyike watu wakiangalia, nyuma ya uzio unaoonyesha ndani. Nina hakika uzio huo utavuta watu kuliko maonyesho mengi niliyowahi kuyatembelea.

Kuhusu vyoo, maji ya kunywa, viti na njia ya kiti cha magurudumu sitakuchosha. Bila hivyo hakuna atakayekaa zaidi ya robo saa.

Zingatia pia fungu la kila mwaka la kusafisha gata na kukagua paa. Ni kazi isiyo na utepe, ndiyo maana huwa inasahaulika. Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka ukarabati ukiendelea, na watu wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa limefungwa kwa miaka.

Tangazo lako lijalo la zabuni nitalisoma neno kwa neno. Naomba liwe na mstari mmoja wa ziada: saa za kufungua mlango kwa siku zote saba za wiki, na cheo cha mtumishi atakayeshika ufunguo.

Wasalaam,
Mlipa kodi