Tukijadili nyuklia, tuanze na maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa nishati ya nyuklia, ambao umechangamka tangu Julai 2025, ulipozinduliwa mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani, madini yatumikayo kama kuni ya vinu vya nyuklia, katika mradi wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Wanaoiunga mkono husema haina moshi, wanaoipinga hutaja ajali za vinu za Chernobyl ya mwaka 1986 na Fukushima ya mwaka 2011, na hapo mazungumzo hukwama. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika tuna swali jingine, nalo ni maji.

Hoja ya moshi ni ya kweli. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi lilikadiria mwaka 2014 kwamba, ukihesabu tangu uchimbaji hadi mtambo kufungwa, umeme wa nyuklia hutoa takribani gramu 12 za hewa ukaa kwa kila yuniti, ilhali ule wa makaa ya mawe hutoa takribani gramu 820. Mkoa wa Kigoma, ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli na ambao misitu yake ingali ikigeuzwa mkaa, hauna sababu ya kuidharau tofauti hiyo.

Hata hivyo, takribani theluthi moja tu ya joto la kinu cha nyuklia hugeuka umeme. Linalobaki hutupwa, na aghalabu hubebwa na maji ya kupozea kinu hadi baharini, mtoni au ziwani. Kinu cha megawati 1,000 hutupa joto la megawati zipatazo 2,000, kiasi kinachokaribia uwezo wote wa Bwawa la Julius Nyerere, usiku na mchana. Ufaransa, ambayo hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwa nyuklia, hulazimika katika misimu ya joto kali kupunguza uzalishaji wa baadhi ya vinu vilivyo kwenye mito ya Rhône na Garonne ili viumbe wa majini wasidhurike.

Ziwa letu lina kina kinachofikia mita 1,470, lakini samaki huishi katika tabaka la juu tu, kwa kuwa chini hakuna oksijeni. Rutuba imelala huko chini, na upepo wa kiangazi utokao kusini ndio unaoipandisha, ikalisha vijimea ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha dagaa, na dagaa wakaliwa na migebuka. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi zaidi na hayachanganyiki kirahisi na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikwisha kuonyesha kwamba ziwa limeongezeka joto na uzalishaji wake umepungua, na mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Ni kweli kwamba kinu kimoja hakiwezi kulipasha ziwa zima. Kinaweza, hata hivyo, kuiharibu ghuba ambamo samaki huzalia, na wavuvi wa Kibirizi na Katonga wanastahili kuulizwa mapema.

Lipo pia suala la topesumu, yaani mabaki ya mwamba uliochenjuliwa, ambalo ndugu zetu wa Namtumbo watalikabili kabla yetu. Urani ikishatolewa, mabaki hubaki na sehemu kubwa ya mionzi iliyokuwa ndani ya mwamba. Mwaka 1979 bwawa la mabaki hayo lilibomoka Church Rock, Marekani, na maji yake yakaingia katika Mto Puerco, ambako Wanavajo, wenyeji asilia wa huko, walikuwa wakinywesha mifugo. Mto, angalau, husukuma maji yake mbele. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, na kinachoingia humu hukaa karne nyingi.

Naiomba Wizara ya Nishati, pamoja na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ieleze hadharani, kabla ya eneo lolote kuchaguliwa, maji ya kupozea vinu yatatoka wapi, yatarudishwa wapi yakiwa na joto kiasi gani, na mabaki ya mionzi yatahifadhiwa wapi. Kwa upande wa ziwa hili, Mkataba wa mwaka 2003 kati ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia unazitaka nchi hizo kupeana taarifa mapema kuhusu miradi inayoweza kuliathiri, na ningependa Serikali itamke kwamba Ziwa Tanganyika halitafikiriwa kuwa chanzo cha maji ya kupozea mpaka athari za joto kwa dagaa na migebuka zichunguzwe na matokeo yasomwe kwa wananchi kwa Kiswahili.

Mkazi wa Ujiji,
Kigoma