HAZOP siyo chanjo

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuandika hata mstari, ila ile taarifa yenu ya mlipuko wa kiwandani imenishinda. Mwandishi kamalizia eti kiwanda "kilikuwa kimeshafanyiwa HAZOP", kama vile ni chanjo, ukishadungwa umemaliza. Walikaa akina nani? Walitumia mchoro upi? Hamkuuliza.

Mimi ni opereta, mwaka wa 19 huu niko shifti. HAZOP ni kikao cha kusaka hatari za mtambo kabla hazijatokea. Mnaukata mchoro wa mtambo vipande, kila kipande mnakihoji, mtiririko ukikata inakuwaje, ukizidi, ukipungua, ukirudi nyuma, halafu presha, joto, hivyo hivyo mpaka mchoke. Kampuni ya kemikali ya ICI ya Uingereza ndio walioanza mtindo huu miaka ya 1960, na utamu wake ni kwamba injinia, fundi wa vipimo, fundi wa matengenezo na opereta wanakaa meza moja wabishane. Wakikaa mainjinia watupu wanapigiana makofi tu.

Sasa sikia yaliyonikuta. Siku ya tatu ya kikao ndio nikaitwa, tena kwa kuwa kuna mtu aliumwa, nakuta wamefika laini ya kostiki soda, kemikali kali inayounguza ngozi, pale inapoungana na maji ya kusafishia. Mwenyekiti anauliza, ikirudi nyuma je? Injinia bila hata kuinua macho kwenye simu anasema kuna vali ya kuzuia isirudi nyuma, mchoroni ipo. Nikanyoosha mkono nikasema jamani hiyo vali ilikwama, mafundi wakaitoa, wakaweka kipande cha bomba, huu mwaka wa tatu. Kimya. Mwenyekiti akasema twende na mchoro ulivyo, hilo litaangaliwa, katibu akaandika na mimi niliona kwenye projekta kwa macho yangu: "opereta awe makini". Haikupita hata miezi sita, pampu ikazimika usiku, kostiki ikarudi nyuma kwenye maji, mimi nafungua bomba la maji ninawe mikono, naona maji yanateleza kama nina sabuni na sabuni sijashika. Anayeijua kostiki anajua huo utelezi ni ngozi yako inaondoka. Ripoti ya ajali ikasema nini? Opereta hakuwa makini!

Na kipande cha bomba siyo kitu kidogo. Kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, 1974, walitoa riakta (tangi la kemikali) namba 5 iliyokuwa na ufa wakaunga bomba la muda kati ya namba 4 na namba 6, na mchoro wa hilo bomba ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Bomba likaachia, kiwanda kikalipuka, wakafa watu 28.

Halafu hizi alamu. Kikao kikishindwa kuamua, dawa ni "ongeza alamu", kwa sababu alamu ni rahisi kuliko kurudisha vali. Matokeo yake saa tisa usiku panel inalia kama kuku wamevamiwa na kicheche, na mimi, sitawaficha, nazima kwa kidole gumba bila kusoma. Kesho yake watu wa usalama wananigawia fulana.

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kikao, mwenyekiti ashuke na mchoro mkononi na kila vali atakayoitaja akaishike kwanza, asipoiona aikate kwa kalamu nyekundu. Opereta akae siku ya kwanza mpaka ya mwisho na ahesabiwe yuko kazini, siyo atoke shifti ya usiku aje kusinzia. Na katibu akiandika "opereta awe makini", yeye ndiye anawe mikono kwenye lile bomba.

Bado halijawekwa vali.

Opereta, shifti ya usiku